Wasikilizaji Wawili

Hebu niambie wewe unayesoma: ukiitwa kwa jina lako, ukaacha ulichokuwa unafanya, ukaja na vumbi la safari miguuni, ukafika, ukabisha hodi, halafu aliyekuita akakunyamazia, ungerudi ulikotoka au ungeingia ndani ukakaa?

Usijibu haraka. Vijana wa nchi hii wenye vyeti wanaitwa hivyo kila siku. Mtu anaitwa kwenye intavyuu, anaazima viatu, anajibu maswali ya mabosi wanaotafuna korosho, anaambiwa "tutakupigia," na ndiyo imetoka hiyo. Anarudi kwao kimya kimya kwa sababu amelelewa. Aliyeitwa Korogwe mwaka jana hakulelewa na mama wa mtu yeyote.

Mambo yalianzia kwenye chumba cha juu, pale Manundu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hussein. Humo walifanya kazi watu wawili tu, Lukasi na Evodia, wahitimu wa ukutubi wa darasa moja, waliosota mtaani pamoja mpaka kampuni fulani ya Dar ikawapa mkataba wa muda. Kazi yenyewe ukiieleza kijiweni watu wanasinzia. Kulikuwa na jukwaa la zamani la mtandaoni, wachapishaji waliweka humo vitabu vyao na maktaba zikaweka hazina zao. Sasa lilikuwa limechoka, ukiruka ukurasa linaganda, ukilisukuma linazima. Kampuni ikajenga jipya, na kila kilichokuwa kule kikatakiwa kihamie huku, kitabu kwa kitabu, rekodi kwa rekodi. Lukasi alihamisha. Evodia alikagua: alifungua kila kilichohamia, akasoma mwanzo wake au akausikiliza kwa hedfoni, akiridhika anaweka alama ya kijani na kwenda kwenye kinachofuata.

Meneja wa mradi, Fabiani, alikuwa Dar, na wao walimjua kwa sauti ya simu tu. Alikuwa mtu wa "guys." Guys, speed. Guys, dedlaini. Jukwaa lake jipya lenye picha nzuri halikupokea rekodi ya sauti iliyozidi nusu saa, na Lukasi alipouliza rekodi ndefu zifanyweje, Fabiani alicheka.

"Kata mkia, kaka. Who listens mpaka mwisho?"

Wakakata. Ulikumbuke hilo la mkia.

Kati ya rekodi hizo kulikuwa na moja aliyoinasa mtafiti kwenye kanda zamani sana, upande wa Kideleko kule Handeni. Ilikuwa ngoma ya kupunga, ile ya kumtibu mtu aliyekaliwa na shetani. Mganga alikuwa Bibi Mwantumu, ambaye kaburi lake sasa limeota nyasi. Mwanzoni unasikia watu wanakohoa, kuku, mtoto analia mbali. Halafu bibi anasema, "Getruda, piga," na ngoma inaanza taratibu, na juu yake sauti ya bibi inaita kwa Kizigua, inataja jina, inanyamaza kidogo kama mtu anayetega sikio, inataja tena.

Rekodi hiyo ilikuwa sumbufu. Ikihamia, inafika imeharibika. Lukasi anaihamisha upya, Evodia anakagua upya: anavaa hedfoni, anasikiliza bibi anavyoita, sauti inakwama, anavua. Kesho tena. Na kesho yake. Mwishowe ikakaa, bila mkia kama ilivyoagizwa, na mchana huo Evodia akaisikiliza mwanzo kwa mara ya mwisho ili aweke kijani chake aende akale.

Pembeni ya kila rekodi jukwaa jipya lilionyesha idadi ya wanaoisikiliza kwa wakati huo. Jukwaa lilikuwa bado halijafunguliwa kwa umma, na ufunguo wa kusikiliza alikuwa nao Evodia peke yake. Siku zote ilisomeka moja. Mchana huo ilisomeka mbili.

"Lukasi, umeingia kwenye rekodi yangu?"

Lukasi alikuwa anakula muhogo wa kukaanga, mikono ina mafuta. Akamwonyesha mikono.

Wakacheka, wakasema ni mdudu wa programu. Evodia akavua hedfoni akaziweka mezani. Ilikuwa ile saa jua la Korogwe linapomwaga moto mpaka mbwa wanalala chini ya malori, bati la duka linalia lenyewe kwa kutanuka, na katikati ya hayo yote chumba kikanukia vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza. Dirisha lilikuwa wazi. Nje hakukuwa na wingu hata la kusingizia.

Tangu siku ile, jua likifika utosini, Evodia alinyamaza. Hakuanguka, hakupiga kelele, hakuzungusha macho kama wale wa kwenye filamu za mitaani. Alinyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya magoti, akageuzia uso mlangoni kama mtu aliyefika kwenye ofisi ya serikali akaambiwa asubiri. Chini ya meza, kwenye vigae vyeupe ambavyo yeye mwenyewe alivifagia asubuhi, palikuwa na vumbi jekundu la Handeni, lenye alama za nyayo. Nyayo zilianzia mlangoni. Zilikuwa za kuingia tu.

Lukasi alizifuta. Siku iliyofuata akazifuta tena. Kila alipotaka kumpigia Fabiani aliona jinsi "guys" watakavyomcheka, na mkataba ulivyokuwa mwembamba akaona bora anyamaze. Lakini Evodia alianza kukauka. Midomo ilipasuka, ngozi ya mikono ikawa na unga kama ya mtu aliyelala kwenye majivu. Alikunywa maji mpaka Mzee Hussein akauliza kama huko juu wanafuga ng'ombe. Na mchana mmoja, Lukasi aliposogea kumshika bega, kinywa cha Evodia kilifunguka kikatoa sauti nzito, yenye adabu, ya mtu mzima aliyesubiri muda mrefu bila kupewa hata kigoda.

"Nimefika," ilisema. "Mwenyeji yuko wapi?"

Lukasi alishuka ngazi bila kukumbuka kuzikanyaga.

Mzee Hussein alipanda na msahafu wake, akasoma kwa sauti ya chini, jasho likimtiririka shingoni. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akaitikia "Amina," kisha akasema, "Sikuitwa na huyu." Mama yake Evodia akashuka kutoka Vugiri na mwalimu wa dini wa kanisani kwao, akamsalimia mwanawe Kishambaa, "Onga mshi," mtoto asiitikie. Mwalimu akaomba, akanyunyiza maji, akaimba beti zote. Mgeni akaitikia "Amina," akamtazama kwa huruma. "Na huyu pia sikuitwa naye."

Jua lilipopinduka Evodia alirudi kuwa yeye, lakini kila siku alichelewa kidogo zaidi, na alichorudi nacho kilipungua. Siku ya Alhamisi alimwuliza Lukasi kwa kunong'ona jina la mama yake mwenyewe, na mama alikuwa amekaa pembeni yake, anamshika mkono.

Hapo ndipo Lukasi akafikiri kama mkutubi badala ya kufikiri kama mwoga. Mgeni anasema ameitwa. Aliyemwita ni sauti ya kwenye rekodi. Na kwenye rekodi kuna jina la mtu mwingine aliyekuwepo. Akamwuliza Mzee Hussein kama anamjua Getruda yeyote wa Kideleko aliyekuwa anapiga ngoma za waganga.

"Si yule mama wa machungwa wa Segera," alisema mzee. "Ana kidole kimoja hakikunjiki. Nenda uone."

Ijumaa mchana Lukasi alikuwa Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar zinapokutana na mabasi yanazingirwa na mabeseni. Mama Getruda alikuwa ananyoosha mfuko wa machungwa dirishani mwa basi. Lukasi akamwamkia, akamweleza. Mama aliposikia jina la Bibi Mwantumu alishusha mkono, basi likaondoka na mteja wake. Hakuuliza kuhusu msichana. Aliuliza kitu kimoja.

"Mlimuaga?"

Lukasi hakuelewa. Mama Getruda akamweleza huku anafunga beseni lake kwa khanga. Ngoma ile ina sehemu tatu: kumwita, kumwuliza anataka nini, kumuaga. Bibi alikuwa akishaita haondoki pale hata nyumba iwake moto, mpaka amuage. Anayeitwa asipoagwa, yule aliyekaliwa ndiye kiti chake, na kiti cha mgeni wa namna ile hukauka kama gome. Kuaga kunatoka kwenye sauti ileile iliyoita. Mtu mwingine akiaga ni sawa na jirani kukufukuza kwenye nyumba isiyo yake.

"Na kuaga kuko mwisho," alisema Lukasi.

"Mwisho kabisa. Sasa kungekuwa mwanzo?"

Mkia.

Rekodi nzima, yenye mkia wake, ilibaki sehemu moja tu duniani, kwenye jukwaa la zamani. Kanda yenyewe iliozea stoo zamani. Na jukwaa la zamani lilikuwa linazimwa siku hiyohiyo ya Ijumaa, kwenye sherehe ya uzinduzi huko Dar, ambapo mgeni rasmi angebonyeza kitufe kimoja, jipya lifunguke na la zamani lizimike kwa pamoja, wapiga picha wapate picha. Ratiba ilisema saa tisa alasiri.

Lukasi alimpigia Fabiani akiwa kwenye bodaboda, upepo unamla maneno. Hakutaja jini. Alisema kuna rekodi imehamishwa pungufu, aachiwe jukwaa la zamani mpaka Jumatatu, au apewe ufunguo wa kunakili faili, maana ule wa kuhamisha ulishafungwa, wakaachiwa wa kusikiliza tu. Fabiani akasema vitu vimeshafungwa, hakuna mtu kugusa. Lukasi akabanwa, akataja Evodia na kilichomkalia. 

"Lukasi, brother. Unataka nimwambie mgeni rasmi asubiri kwa sababu ya uchawi wa Handeni? Let's be professional. Tutaongea wiki ijayo kuhusu mkataba wako."

Akakata.

Mama Getruda alisema rekodi isikilizwe tangu kuita, maana mgeni hawezi kuagwa kabla ya kuulizwa. Na hata wangetaka kuruka, jukwaa lile bovu ukiruka mbele linaganda. Ngoma nzima ilikuwa karibu saa nzima. Walipofika Manundu saa nane ilikuwa imepita. Lukasi hakuogopa sana. Ni nani katika nchi hii aliyewahi kumwona mgeni rasmi anafika kwa wakati? Saa tisa ya ratiba ni saa kumi na moja ya ukweli, kila mtoto anajua, na baada ya hapo kuna risala, burudani, utambulisho wa meza kuu, ngonjera ya watoto wa shule. Walikuwa na muda wa kumuaga mgeni wao na kunywa chai juu yake. Kwa hesabu hiyo, ambayo mimi na wewe tungeipiga vilevile, hawakukimbia. Mama Getruda alinawa miguu. Mzee Hussein alileta ndoo mpya ya plastiki kutoka dukani iwe ngoma. Mama yake Evodia alimfunga mwanawe khanga kiunoni.

Ndipo wakafungua rekodi kwenye spika. Mezani Lukasi aliegemeza simu iliyokuwa inaonyesha ukumbi wa Dar moja kwa moja: mapambo, maji ya chupa, na katikati ya meza kuu kiti kikubwa cha mgeni rasmi, kitupu.

Watu walikohoa. Kuku. Mtoto. "Getruda, piga," ilisema sauti ya marehemu, na Mama Getruda, mwanamke mzima mwenye mvi, alijibu "Naam, bibi" kabla hajajizuia.

Bibi aliita. Evodia akanyoosha mgongo. Jua lilikuwa limeshapinduka, haikuwa saa yake, lakini alikuja, na safari hii nyayo wote waliziona zikijiandika kwenye vigae, moja baada ya nyingine, bila mguu juu yake, zikampita mama yake Evodia aliyekuwa amejikunja ukutani na khanga mdomoni, zikampita Mzee Hussein ambaye midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, mpaka kwenye kiti, na harufu ya mvua ikajaa chumba kizima mpaka ukitaka kumeza mate unasikia ladha ya udongo. Bibi aliuliza kwa Kizigua. Kinywa cha Evodia kilijibu. Kutoka kwenye spika bibi akaitikia jibu, papo hapo, kama watu wawili waliokaa mkeka mmoja, na Lukasi alitazama mstari wa sauti kwenye kompyuta ukitembea, akaona kwamba pale ambapo kinywa kilijibu rekodi ilikuwa na ukimya, ukimya wa urefu uleule kamili, tangu ilipokuwa kanda, ikimsubiri Evodia kabla Evodia hajazaliwa.

Akageuka kutazama simu ili asitazame hicho.

Kile kiti kikubwa kilikuwa na mtu.

Mgeni rasmi alikuwa amefika. Alikuwa amekaa anatabasamu, na mshereheshaji alikuwa anasema kwa fahari kwamba kiongozi wetu ni mtu wa vitendo, ameomba risala ifutwe, burudani ifutwe, twende moja kwa moja kwenye tukio.

"Mama," alinong'ona Lukasi. "Bado kiasi gani?"

"Anaanza kumuaga. Nyamaza."

Bibi alikuwa ameanza. Sauti ilibadilika, ikawa laini, kama ya mtu anayemsindikiza mgeni mpaka njia panda akimshikia mzigo, na Mama Getruda aliifuata kwa ndoo, kidole chake kisichokunjika kimesimama, na Evodia akaanza kuinuka kitini polepole, rangi ikimrudia usoni tone kwa tone, midomo ikitota, mkono mmoja ukimtafuta mama yake hewani, huku kwenye simu mkono mwingine, mnene, wenye saa ya dhahabu, ukinyooshwa kuelekea kitufe chekundu kilichofungwa utepe, na Lukasi akajikuta anaikamata simu kwa mikono yote miwili kana kwamba angeweza kuushika ule mkono kupitia kioo, na bibi akavuta pumzi, akataja jina lile kwa mara ya mwisho, na ukumbi ukapiga makofi.

Spika ikanyamaza.

Kwenye kompyuta yalitokea maneno: Ukurasa huu haupatikani.

Evodia alikuwa amesimama nusu, magoti yamekunjika, hajakaa, hajasimama. Mama Getruda hakuacha kupiga. Aliimba wimbo wa kuaga kwa sauti yake mwenyewe, akalia huku anaimba, akaurudia. Mgeni alimsikiliza.

"Wewe mpigaji nakujua," alisema kwa upole. "Ulipiga vizuri zamani, na leo umepiga vizuri. Lakini hukuniita wewe."

Akageuza uso wa Evodia kuelekea kompyuta, ambako Lukasi alikuwa ameacha jukwaa jipya wazi pembeni ya lile la zamani, na namba zilikuwa zimeanza kutembea, maktaba moja, maktaba nyingine, watu wanafungua, wanajaribu, wanabonyeza.

"Wenyeji ni wengi," alisema. "Nitawauliza hao."

Evodia alianguka mikononi mwa mama yake. Nyayo safari hii zilitoka, lakini hazikwenda mlangoni. Zilikwenda mpaka kwenye meza ya kompyuta, zikaishia hapo.

Evodia yuko hai. Yuko Vugiri, amenenepa kidogo, analima maharage na mama yake, na jina la mama yake analijua. Jua likifika utosini anaacha jembe, anatulia, anatega sikio. Akiulizwa anasikia nini anasema, "Hayuko kwangu. Nasikia anavyobisha kwa watu."

Lukasi aliambiwa kuhusu mkataba watampigia. Bado anasubiri. Kabla hajanyang'anywa ufunguo wa ofisi aliangalia ile rekodi kila siku: asipokuwepo msikilizaji, ilisomeka moja. Akiingia mtu, mbili. Fabiani aliandika ripoti kwamba jukwaa jipya limeongeza wasikilizaji maradufu, akapongezwa. Mwezi uliopita mkutubi wa shule moja ya bweni alipiga simu Manundu, kwa namba aliyoikuta kwenye tovuti, na Mzee Hussein, aliyeachiwa simu ya ofisi, akaipokea. Mkutubi aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna fundi. Kuna mwanafunzi wake amevaa hedfoni tangu asubuhi, amekaa wima, anatazama mlango, na chini ya dawati kuna vumbi jekundu ambalo halitoki kwa dekio.

Sasa nasema na ninyi wenye mradi. Wewe Fabiani wa guys, na wewe mgeni rasmi uliyechagua siku hiyo moja kuwa mtu wa wakati, na ninyi wachapishaji na wakuu wa maktaba mliosaini kwamba kila kitu kimehama salama bila kufungua hata kimoja mpaka mwisho. Jukwaa la zamani mmelizima, hamjalifuta. Seva ipo, ufunguo mnao. Hatuombi semina, hatuombi kamati. Liwasheni kwa alasiri moja. Mrudishieni bibi sauti yake amalizie neno lake, na mkia wa rekodi ile muurudishe mahali pake kabla mtoto mwingine hajabonyeza.

Kuita mnajua sana. Mmemwita huyu, amekuja, amekaa. Muageni.